Betri zilikuwa zinaisha, sisi tukadhani ndivyo wimbo ulivyo (uzi wa wazee wa rock)

#1 KandaC90 (mleta mada)

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Juzi usiku binti wa marehemu rafiki yangu kanitumia picha WhatsApp. Ukurasa wa kaunta buku, wino umefifia, pembeni pameliwa na mende. Chini yake kaandika: "Baba mdogo, kolita ni nini?"

Nilikaa kitandani na ile simu mpaka mama watoto akaniuliza kuna msiba wapi.

Mwaka 1985 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Nyanda za Juu Kusini, baridi ya Juni ile ambayo kuoga unajipangia siku. Tulikuwa watatu. Baharia, mtoto wa Tanga, aliitwa hivyo kwa sababu mjomba wake alikuwa anafanya kazi melini. Nyundo, wa Makete, jina lake nitalieleza. Na mimi.

Muhula wa pili Baharia akarudi na redio kaseti ya spika moja na kanda moja tu. Upande wa kwanza umeandikwa kwa kalamu "Eagles", wa pili "mchanganyiko". Vijana mjue kwamba bara hatukuwa na televisheni kabisa, zilikuja 1994. Redio ilikuwa RTD, na nyimbo za nje zilipigwa kwa kupimiwa. Hata sabuni ilikuwa bado ya kupanga foleni. Ile kanda moja ndiyo ilikuwa dunia yetu.

Tatizo lilikuwa betri. Redio inataka betri nne kubwa za National, hela hatuna, na jenereta la shule linazimwa saa nne. Betri zikichoka tunazianika juu ya bati la bafu kutwa nzima, jioni zinakupa robo saa. Zikigoma, Nyundo anazigonga sakafuni moja moja, anazirudisha, zinakubali kidogo. Jina lilitoka hapo. Kurudisha kanda nyuma kwa redio ilikuwa ufujaji wa mali: unachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la kanda, unazungusha mkono mpaka bega linauma, mwenzako anashika zamu.

Wimbo wetu ulikuwa Hotel California wa hao Eagles, bendi ya Marekani. Dakika sita na nusu, na mwishoni yale magitaa mawili ya Don Felder na Joe Walsh yanapokezana, kisha yanatembea bega kwa bega. Sasa sikilizeni: sisi tuliujua ule wimbo kwa betri zilizochoka. Sauti ya mwimbaji ilikuwa nzito kama ya mzee wa kanisa. Ngoma zinakuja moja, unasubiri, ya pili. Magitaa ya mwisho yanaburuza, yanapanda kama mtu mwenye gunia la viazi anapandisha mlima wa Kitulo. Tulidhani ndivyo ulivyo. Tukajifunza kuuimba hivyohivyo, chini ya blanketi, kwa sauti za kukoroma, watoto wa miaka kumi na sita.

Maneno tuliyaandika kwenye daftari kwa kusikiliza. Unasikiliza mstari, unazima, mnabishana, unaandika. Ubeti wa kwanza kuna neno moja lilitushinda. Baharia akaliandika "kolita" na kusema ni aina ya manukato, mjomba wake ameyaona Ulaya. Nyundo akasema ni jina la mwanamke. Tukampelekea mwalimu wa Kiingereza, akafungua kamusi, akasema hakuna neno kama hilo na tukafagie bwalo.

Mwaka 1993 niko Dar, nimeanza kazi, nimekaa baa moja Kinondoni, wimbo ukapigwa. Unakimbia! Sauti nyembamba! Nikamwambia mhudumu hawa ni vijana wameiga, atuwekee wenyewe. Meza nzima ikanicheka. Kesho yake nikatumia simu ya ofisini kumpigia Baharia Tanga: "Ndugu yangu, tumedanganywa miaka minane." Akacheka mpaka nikasikia watu wa kwake wanamuuliza kuna nini. Akasema, "Hapana. Hao wenyewe ndio wanaowahi."

Nyundo aliokoka 1998 akachoma kanda zake zote kwenye mkutano wa injili. Nilimkejeli mbele za watu, maneno ambayo sitayarudia hapa. Hatukusemeshana miaka ishirini na moja. Baharia akafariki 2019, presha. Tumetoka makaburini, tumekaa jamvini, sahani moja ya pilau mbele yetu, Nyundo ananiuliza bila kunitazama:

"Ile kanda bado unayo?"

"Ninayo."

"Usinipe."

Basi. Ndiyo maongezi yetu yote ya siku ile.

Sasa nina miaka 56. Nimegundua kwenye simu kuna sehemu ya kupunguza mwendo wa wimbo. Nikapunguza. Mwendo unashuka kweli, lakini sauti inabaki nyembamba vilevile. Simu haijui kuchoka kama betri.

Leteni zenu. Na mods, naomba uzi huu msiupeleke kule kwenye udaku wa wasanii.

#2 dogo_2001

Shikamoo mzee. Nimekaa siti ya mbele kabisa, na karanga nimenunua. Swali moja tu: mlikuwa mnaanika betri JUANI? Na zinafanya kazi?

#3 KandaC90

Marahaba. Zinafanya kazi robo saa, mwanangu. Na robo saa ilikuwa nyingi.

#4 Bi Bugaluu

Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Ila mtoto wa 1985 usijiite mzee wa rock, wenye uzee wao tupo.

Mimi nina miaka 72, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi na sita hapa Dar. Mwaka huo ulianza na Operesheni Vijana: Umoja wa Vijana wa TANU walipiga vita vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Kufika Novemba, muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini. James Brown kawa kosa! Mimi na shoga yangu tulikuwa tunatoka nyumbani na kanga mbili juu ya kimini, tunavulia nyumba ya tatu kwa bibi mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akitutunzia kanga na kutusubiri. Hatukumlipa hata thumni. Alichotaka ni tukirudi tumwonyeshe mitindo mipya, basi tunacheza uani na taa ya chemli, yeye amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

Soul ikazuiwa, lakini magitaa yakazidi. Miaka ya sabini ndiyo ikawa bugi la Jumapili mchana, suruali za bugaluu na pekosi, viatu vya raizoni ukianguka unaumia kweli. Tulikuwa na bendi zetu zilizochanganya rock na ngoma za kwetu. Sunburst mnawajua? Santuri yao ya 1976 ilisahaulika humu nchini, halafu 2016 Waingereza wakaitoa upya, mjukuu wangu ndiye kanionyesha kwenye simu. Nilimwambia hao nimewacheza nikiwa na kiuno. Akaguna.

Shoga yangu yupo hai. Anaumwa magoti. Nikimpigia simu nikimwigizia gitaa kwa mdomo anajua ni wimbo gani kabla sijamaliza.

#5 Mtu wa Reli

Bi Bugaluu shikamoo. Kandac90, kuna jirani zetu mmewasahau.

Nilianza kazi TAZARA 1977, kituo cha Mbeya, reli ina mwaka mmoja tu tangu ikabidhiwe. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na kwa sisi vijana faida yake kubwa haikuwa shaba. Ilikuwa santuri. Wenzetu wa upande wa Zambia walikuja nazo kutoka Ndola na Kitwe, zimefungwa kwenye gazeti katikati ya nguo. Kule vijana wa migodini walikuwa na rock yao wenyewe, leo dunia inaiita Zamrock: gitaa limekwaruzwa mpaka linakoroma kama nyuki kwenye debe, chini yake ngoma unazozijua.

Wakubwa wao walikuwa WITCH, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao Emmanuel Chanda walimwita Jagari, ni Mick Jagger wa Rolling Stones huyo kaafrikanishwa. Kaunda alitaka redio ya Zambia ipige muziki wa nyumbani karibu wote, basi vijana wakapata nafasi. Kisha bei ya shaba ikaanguka, nchi ikakauka hela, na baadaye ukaja ukimwi. Ile bendi ya mwanzo yote imekwenda, amebaki Jagari peke yake.

Kilichonishika ni hiki: huyo mzee amerudi jukwaani, yuko miaka ya sabini sasa, anazunguka Ulaya na Marekani na vijana wa Kizungu wanaompigia magitaa. Mwaka 2023 wametoa albamu mpya. Mimi nikimtazama sioni furaha tu. Namwona anageuka kushoto ambako alikuwa anasimama mwenzake, na aliyesimama hapo ni mtoto wa kutoka Uholanzi.

Chumba chetu pale Mbeya tulikuwa watano. Santuri tulinunua kwa kuchanga. Tulipohama tuligawana kama urithi. Leo zote tano ninazo mimi. Mnaelewa maana yake.

#6 Kandambili

Mnajisifia miziki ya wazungu kana kwamba hatukuwa na Mbaraka Mwinshehe. Rock siyo yetu. Mlikuwa mnajifanya tu.

#7 Mtu wa Reli

Mbaraka nilimcheza Jumamosi na WITCH Jumapili, miguu ileile.

#8 Bi Bugaluu

Mwanangu Kandambili, hao wazungu walichukua wapi? Mtafute Sister Rosetta Tharpe, mama mweusi wa Arkansas, kazaliwa 1915, mwimba injili. Alikuwa anakung'uta gitaa la umeme huku anamtukuza Mungu kabla Elvis hajajua kufunga kamba za viatu. Na Chuck Berry je, alikuwa mzungu wa wapi?

Halafu, KandaC90, hilo la mama Rosetta mpelekee huyo rafiki yako mlokole, Nyundo.

#9 Bint Shangani

Assalaam aleikum. Mie niko Maskati, lakini mzawa wa Unguja, Mji Mkongwe. Mkitaja rock bila kumtaja Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mtakuwa mmetudhulumu.

Freddie Mercury kazaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, wazee wake Maparsi, baba mtu akifanya kazi serikalini. Akapelekwa skuli Panchgani, India, ndiko alikoanza kupiga piano na bendi ya wenziwe wa skuli. Karudi Unguja 1963, Mapinduzi ya 1964 yakawatoa yeye na wazee wake wakaenda Uingereza. Kijana wa miaka kumi na saba.

Sasa mie nasema jambo ambalo kule kwetu halisemwi kwa sauti kubwa. Mwaka 2006 walitaka kumfanyia sherehe ya miaka sitini tangu azaliwe, wenye dini wakapinga, ikafutwa. Leo kuna makumbusho yake Shangani, yamefunguliwa 2019, watalii wanapanga foleni na jua lote lile. Sisi tulokulia mitaa ile tulimjua kwa mnong'ono. Kaka yangu alikuwa na kanda yake, kaiandika juu "Maulidi" ili mama asiiguse. Siku moja mama kaja na wageni, kataka kuwasikilizisha Maulidi.

Sitosema yaliyofuata. Ila mama, Mungu amrehemu, alisikiliza wimbo mzima, ule wenye sehemu kama opera, kisha akasema: "Huyu mtoto ana sauti, lakini ana ukiwa."

Kaka yuko Toronto, mie huku. Tunasemezana mara moja kwa mwezi, na kila simu huanza kwa yeye kusema, "Hodi, Maulidi yameanza?"

#10 dogo_2001

"Maulidi" 😂😂😂 bibi nimelia.

#11 Mkurugenzi wa Kelele

Niko hapa Nairobi, nawasoma nikiwa kwa matatu. Sisi wa miaka ya 2000 tulikuwa na stesheni moja ya redio ilikuwa inapiga rock mchana na usiku. Wasee wa rock tulijuana kwa tisheti nyeusi. Ukipanda matatu za Eastlands zikipiga dancehall mpaka vioo vinatetemeka, unaona jamaa mwingine na tisheti ya Metallica, mnainamishiana vichwa tu kama wanachama wa chama cha siri. Huyo ndiye alikuja kusimama na mimi kwa harusi yangu. Tulijuana kwa tisheti!

Ile stesheni ilipokufa, hakukuwa na tangazo la maana. Asubuhi moja ukiwasha unapata kitu kingine. Mbogi yetu ya watu kumi na mbili sasa imebaki kwa grupu ya WhatsApp, na huko ni michango ya hospitali na mazishi tu. Wiki jana mtu akatuma wimbo mmoja tu, bila maneno. Watu saba wakajibu kwa dakika mbili. Hata yule ambaye huwa hajibu michango.

#12 Sista wa Kent

Ngoja niwape la huku. Mimi ni Mtanzania, natunza wazee kwenye nyumba ya wazee Uingereza, mkoa wa Kent, mwaka wa kumi na tano sasa.

Nilipoanza, wazee wetu walikuwa wa nyimbo za Vita Kuu ya Pili. Wamekwisha. Wanaoingia sasa ni waliokuwa vijana miaka ya sitini. Hebu pigeni hesabu: mwenye miaka themanini leo alikuwa na ishirini mwaka 1965. Kuna mameneja bado wanawawekea nyimbo za bibi zao, na wazee wanakasirika. Nina babu mmoja hamkumbuki mwanawe anayekuja kila Jumapili. Siku nilipomwekea Rolling Stones aliinua kidole cha shahada akaanza kugonga mkono wa kiti, na alipofika mahali fulani akasimamisha kidole, akasubiri, kisha akagonga tena palepale ngoma iliporudi. Hakukosea. Kisha akaniuliza, "Terry yuko wapi?" Hatukuwahi kusikia habari za Terry. Mwanawe naye hamjui.

Wanaotafiti kumbukumbu wameliona jambo hili kwa wengi: ukimwomba mtu mzima asimulie maisha yake, mengi yatatoka kwenye miaka ya kati ya kumi na thelathini, na nyimbo zinazomgusa zaidi ni za umri huo. Na masikio nayo yanazeeka kwa mpango wake, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Kwa hiyo KandaC90, subiri. Miaka ishirini ijayo ule wimbo utaanza kukusikikia mzito wenyewe.

Nyumba ninayofanyia kazi haiko mbali na Dartford. Kwenye stesheni ya treni pale, jukwaa namba mbili, kuna kibao cha ukumbusho: Oktoba 1961 Mick Jagger na Keith Richards wa hao Rolling Stones walikutana hapo. Walisoma shule moja wakiwa wadogo, wakapoteana, siku hiyo Mick kashika santuri za Chuck Berry na Muddy Waters kwapani, Keith akaziona. Basi. Wametukanana magazetini, wamenuniana, na bado 2023 wametoa albamu, wote wawili wanakaribia au wamegonga themanini. Mwenzao Charlie Watts alishakufa 2021. Mimi nikipita pale asubuhi natazama watu wote wamechomeka vitu masikioni, hakuna anayeweza kuona mwenzake anasikiliza nini.

#13 Kandambili

Haya, nimekaa kimya nikasoma. Mimi rafiki yangu alikuwa na kanda ya Scorpions. Tuligombana kwa sababu ya pikipiki. Mnisamehe kwa pale juu.

#14 Ngara94

Nitaandika kidogo tu. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alijiua 5 Aprili 1994. Sisi tulikuwa vijana wawili Ngara tulioijua Nirvana, mimi na rafiki yangu wa Kinyarwanda aliyekuwa anasoma kwetu. Kesho yake, tarehe 6, ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ikadunguliwa Kigali. Yeye alikuwa kwao likizo. Mwishoni mwa mwezi daraja la Rusumo, pale mpakani, lilipitisha wakimbizi kama robo milioni kwa siku moja, nami nilisimama pale tangu asubuhi nikitazama nyuso.

Habari za Cobain nilizipata Julai. Kanda ninayo. Sijawahi kuisikiliza tena na sijaitupa.

#15 KandaC90

Ngara94, pole sana ndugu yangu. Sina cha kuongeza hapo.

Wengine mmeniuliza nimemjibu nini binti. Leo intaneti ina majibu ya kolita ya kutosha, mengine siyo ya kumwambia mtoto. Nimemwandikia: "Ni manukato. Baba yako aliyajua."

Jambo la pili. Bi Bugaluu, nilimtumia Nyundo ile habari ya mama Rosetta, pamoja na uzi huu. Siku mbili kimya. Jana saa tano usiku simu ikaita. Hakunisalimia. Akaanza kwa mdomo yale magitaa ya mwisho, nzito, yanaburuza, mwendo wa Kitulo uleule. Mimi nikaingia na la pili. Alipomaliza akasema, "Kesho nina ibada saa moja," akakata.

La tatu nahitaji msaada. Binti ameipata na redio yenyewe, kanitumia kwa basi kutoka Tanga, imefika salama. Nimenunua betri nne, taa inawaka, lakini haizungushi kanda. Nikafungua: ule mkanda wa mpira wa ndani umeyeyuka, umekuwa kama lami. Kuna fundi wa redio kaseti aliyebaki Dar?

#16 dogo_2001

Mzee, baba yangu anamjua mmoja Kariakoo, anatengeneza amplifaya, mikanda anayo ya saizi zote. Anasema anaweza kuisafisha mota na kuirekebishia spidi ikae sawasawa kama ya kiwandani. Nikuletee namba PM?

#17 KandaC90

Lete. Ila mwambie abadilishe mkanda tu, spidi asiiguse. Na hizi betri mpya nimezitoa, nimezipa tochi zizitumie kwanza.